Steve McQueen: Vumbi la ujanani lilivyomuua nyota wa sinema

JINA la Steve McQueen si geni kwa wazee waliokuwa wakipenda sinema miaka ya 1960 na 1970. Ndiye yule Mmarekani mwembamba, mwenye macho ya buluu na maneno machache, aliyekimbizana na askari wa Kijerumani akiwa juu ya pikipiki katika filamu ya The Great Escape. Katika filamu alinusurika risasi, moto na magereza. Katika maisha yake ya kweli aliendesha magari ya mashindano kwa kasi ya kutisha, na huko nako alitoka salama.

Kilichomuua ni vumbi. Alifariki dunia Novemba 7, 1980, akiwa na umri wa miaka 50 tu, kwa saratani iitwayo mezotelioma.

Habari za mtu huyu zinamhusu hata msomaji wa Bujumbura ambaye hajawahi kuona filamu yake. Vumbi lililomuua lilitoka katika asbesto, madini yaleyale ambayo kwa miaka mingi yalichanganywa na saruji kutengeneza mabati mazito ya kijivu, ambayo wengi wetu tunayaita eternit. Mabati ya namna hiyo yaliezeka majengo mengi ya enzi za ukoloni na miaka iliyofuata katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu.

McQueen alizaliwa Machi 24, 1930, huko Beech Grove, katika jimbo la Indiana. Baba yake, rubani wa maonyesho ya ndege, aliitelekeza familia mtoto akiwa bado mchanga. Mama yake naye hakuweza kumlea, hivyo alikulia kwa babu na bibi na kwa mjomba mmoja mwenye shamba huko Slater, Missouri. Alipofika umri wa ujana alikuwa mtundu wa kupindukia, akapelekwa California katika shule ya kurekebisha vijana iitwayo Boys Republic. Baadaye, akiwa tajiri, hakuisahau shule hiyo. Alirudi mara nyingi kuwatembelea vijana wake na kuwapelekea nguo na vifaa vingine.

Mwaka 1947 alijiunga na kikosi cha wanamaji wa Marekani, akakaa humo hadi 1950. Utundu haukumwisha. Alivuliwa cheo zaidi ya mara moja, na safari moja aliwekwa kizuizini siku 41 kwa kutoroka kambini. Simulizi za maisha yake zinaeleza kuwa katika adhabu alizopewa ilikuwemo ya kubandua asbesto iliyozungushiwa mabomba ya meli ili kuzuia joto. Kazi hiyo ilifanyika ndani ya meli, mahali pasipo na hewa ya kutosha, na kijana hakuwa na kitu cha kuziba pua wala mdomo. Siku hizo hakuna aliyeona ajabu.

Alipotoka jeshini alisomea uigizaji mjini New York. Mwaka 1958 alianza kuonekana katika mchezo wa televisheni wa Wanted: Dead or Alive, na mwaka 1960 akatoka katika filamu ya The Magnificent Seven. Zikafuata The Great Escape mwaka 1963, Bullitt mwaka 1968 na Papillon mwaka 1973. Ilipofika 1974, mwaka wa The Towering Inferno, alihesabiwa kuwa miongoni mwa waigizaji wanaolipwa fedha nyingi kuliko wote duniani.

Mwaka huohuo wa 1960, wakati jina lake linaanza kupanda, kule Afrika Kusini daktari Christopher Wagner na wenzake wawili walichapisha utafiti uliobadilisha elimu ya ugonjwa huu. Walikuwa wamekusanya habari za wagonjwa 33 wa mezotelioma, na karibu wote walikuwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya kaskazini magharibi mwa Cape. Jambo lililowashtua wengi ni kwamba si wote walikuwa wachimbaji. Wengine waliishi tu jirani na machimbo walipokuwa watoto.

Miaka mitano baadaye, 1965, utafiti wa London uliongeza jambo la kusikitisha zaidi. Miongoni mwa wagonjwa walikuwemo wanawake ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani. Walichofanya ni kufua nguo za kazi za waume zao au za ndugu zao. Baba alirudi jioni na vumbi kwenye shati, mama akalikung'uta kabla ya kulifua, na watoto walikuwa palepale wakicheza.

Ugonjwa wenyewe hufanya kazi hivi. Asbesto ikikatwa, ikivunjwa au ikilika kwa uzee, hutoa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mtu akizivuta, nyingine hufika hadi kwenye utando unaofunika mapafu na kubaki hapo. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Zinachokoza utando huo mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja saratani inaanza. Kutoka kuvuta vumbi hadi kuugua hupita kwa kawaida miaka 20 hadi 50. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi hiyo akiwa kijana, akaoa, akalea, akasema vumbi lile halikumfanya kitu, kumbe deni bado lipo.

Deni la McQueen lilianza kudaiwa mwaka 1978, alipopata kikohozi kisichopona. Aliacha sigara na kutumia dawa, lakini hali haikubadilika. Desemba 1979 madaktari walichukua kipande cha nyama kutoka kifuani mwake na kukuta mezotelioma. Yeye mwenyewe alifikiria pia majukwaa ya sinema na nguo za kuzuia moto za madereva wa mashindano, ambazo nazo zilikuwa na asbesto. Lakini wengi wanaoeleza habari zake huitazama zaidi ile kazi ya mabomba melini. Kama ni hiyo, basi vumbi lilimsubiri karibu miaka 30.

Januari 1980 alifunga ndoa na Barbara Minty, mke wake wa tatu. Wiki chache baadaye ilijulikana kuwa saratani imesambaa. Madaktari wa Marekani walimweleza kuwa hakuna cha kufanya. Hapo ndipo yalipomkuta yanayozikuta familia nyingi hata kwetu.

Julai 1980 alikwenda Rosarito Beach, Mexico, kwa mtu aliyeitwa William Kelley. Huyu alisomea kupanga meno, na leseni yake ilikuwa imefutwa. Tiba yake ilikuwa vitamini, vyakula maalumu, kupigwa bomba kwa kahawa, na dawa ya kokwa za matunda iitwayo laetrile. McQueen alilipa maelfu kwa maelfu ya dola. Ikatangazwa kwamba anapata nafuu, huku uvimbe tumboni ukizidi kukua. Mwanzoni mwa Novemba alikwenda Ciudad Juárez, pia Mexico, kufanyiwa upasuaji ambao madaktari wa kwao walimwonya kuwa moyo wake hautaustahimili. Uvimbe wenye uzito wa zaidi ya kilo mbili ulitolewa. Saa chache baadaye moyo ulisimama. Aliacha mjane aliyeolewa miezi kumi tu, na watoto wawili wa ndoa yake ya kwanza.

Je, angeugua leo angepona? Ukweli ni kwamba huenda angeishi muda mrefu kidogo, lakini kupona ni jambo lingine. Mwaka 2003 ulitoka utafiti ulioonyesha kuwa dawa ya pemetrexed ikichanganywa na cisplatin huwafikisha wagonjwa kwenye wastani wa miezi 12, wakati cisplatin peke yake iliwafikisha miezi 9. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa mbili zinazoamsha kinga ya mwili, nivolumab na ipilimumab, baada ya utafiti ulioonyesha wastani wa miezi 18 dhidi ya 14 kwa dawa za kawaida. Ni hatua, na wapo wachache wanaoishi miaka kadhaa, lakini bei yake ni kubwa mno kwa mwananchi wa kawaida.

Upasuaji mkubwa nao umepata pigo. Utafiti wa Uingereza uitwao MARS 2, uliochapishwa mwaka 2024, uliwalinganisha wagonjwa waliopasuliwa na kupewa dawa na wale waliopewa dawa bila kupasuliwa. Waliopasuliwa hawakuishi zaidi, na walipata madhara mengi zaidi. Kwa hiyo familia inayoambiwa iuze kiwanja ili mzee akapasuliwe nje ya nchi ina haki ya kuuliza maswali kabla ya kuuza.

Kinachosaidia kila mgonjwa, hata asiye na fedha, ni kutolewa maji yanayojaa kifuani ili apumue, na kupewa dawa halali ya maumivu. Uganda ilionyesha njia tangu 1993, pale Hospice Africa ilipoanza kutoa mofini ya maji kwa bei nafuu, ambayo mgonjwa huweza kuinywa akiwa nyumbani. Anayemhudumia mgonjwa huyo mara nyingi ni mke au binti, ambaye biashara yake au masomo yake husimama. Gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti ya hospitali.

Kwa kuwa tiba bado ni ndogo, kinga ndiyo dawa. Hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani na ndugu aliyerudi kutoka Nyarugusu au Nduta wanapotakiwa kusikiliza kwa makini.

Mtaa kama Rohero, katikati ya Bujumbura, una nyumba nyingi za enzi za Wabelgiji. Jengo la namna hiyo linapobomolewa au kufanyiwa ukarabati, kila kitu kina mnunuzi: mlango, dirisha, mbao na bati. Anayeanza maisha upya na fedha kidogo huona bati kuukuu la bei ya chini kuwa ni baraka. Lakini bati la saruji lililo nene, la kijivu, linalovunjika kama kigae badala ya kupinda, ni la kuogopwa. Kwa macho huwezi kujua kama lina asbesto au halina. Maabara ndiyo hujua. Kwa hiyo la zamani lichukuliwe kuwa linayo.

Paa zima, lisilopasuka, halina hatari kubwa likiachwa bila kuguswa. Hatari huja likikatwa kwa msumeno, likitobolewa, likipigwa nyundo au likisuguliwa kuondoa ukungu. Usinunue mabati hayo, usiyauze, wala usiyapakie kuyavusha Kobero au Mugina kwenda kumuuzia mwingine. Vipande vyake visiwe jiwe la kufulia, ukuta wa banda la kuku wala kifusi cha kujazia njia ambapo watoto wanacheza. Kama kuna vilivyovunjika uani, vimwagiwe maji kabla ya kuguswa, visifagiliwe vikiwa vikavu, na uongozi wa mtaa uarifiwe. Fundi aliyefanya kazi hiyo asirudi nyumbani na nguo zilezile akawapakata watoto.

Jirani zetu wa Rwanda wameshaonyesha kuwa inawezekana. Serikali yao iliendesha mpango wa kuondoa mabati ya asbesto nchini kote, ambapo wafanyakazi huvaa mavazi ya kujikinga, huyalowesha mabati, kisha huyazika katika mashimo maalumu. Afrika Kusini, ambako Wagner aligundua siri hii, ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008. Umoja wa Ulaya ulikuwa umefanya hivyo mwaka 2005.

McQueen alikuwa na fedha, umaarufu na madaktari, na havikumwokoa. Alipoyabandua yale mabomba alikuwa kijana asiyejua anavuta nini. Anayepandisha paa leo kwa ajili ya wanawe anaweza kujua, na miaka 30 ijayo ni wao watakaokuwa na umri wa kuugua.