Jomo Kenyatta, Mwalimu wa Matamshi

Wengi humjua Jomo Kenyatta kama Rais wa kwanza wa Kenya. Wachache humkumbuka kama mwalimu wa matamshi.

Alizaliwa katika miaka ya 1890 akiitwa Kamau wa Ngengi. Mnamo 1909 aliingia shule ya misheni ya Kiskoti huko Thogoto, magharibi mwa Nairobi. Baadaye aliishi Dagoretti na kuajiriwa katika idara ya maji ya baraza la mji. Mwaka wa 1928 alianza kuhariri Muigwithania, gazeti la Kikikuyu.

Kati ya 1935 na 1937, akiwa London, alimsaidia mwanafonetiki Lilias Armstrong wa University College kuchunguza Kikikuyu. Kinywa chake ndicho kilichokuwa maabara. Tuchukue sauti r. Katika Kikikuyu, ncha ya ulimi hugonga ufizi mara moja tu. Kihispania kina mgongo huohuo mmoja katika neno pero (lakini), ila perro (mbwa) hudai kimadende kamili: ncha hulegezwa, na hewa itokayo mapafuni huitetemesha mara kadhaa. Mwanafunzi anayeukakamaza ulimi hafaulu, kwa maana mtetemo huletwa na pumzi wala si misuli.

Aidha, Kikikuyu hakitofautishi r na l. Ndiyo sababu baadhi ya wasemaji wake huchanganya kura na kula wazungumzapo Kiswahili, nao huchekwa. Kicheko hicho hakina msingi wa kiisimu. Sikio la kila mtu hufunzwa kwanza na lugha ya mama.

Armstrong alifariki Desemba 1937. Kitabu chake kuhusu fonetiki na toni za Kikikuyu kilichapishwa mwaka wa 1940. Jalada lina jina la Armstrong, lakini sauti zilizochambuliwa ndani yake zilitoka kinywani mwa Kenyatta.

Mnamo 1974, Rais Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni, na wabunge waliozoea Kiingereza wakalazimika kuzinoa ndimi zao. Alipofariki mwaka wa 1978, alizikwa katika uwanja wa Bunge hilohilo, katikati ya jiji.

Basi tumchekaye leo kwa r yake huenda ndiye atakayetufunza kesho. Armstrong, msomi aliyebobea, hakuona haya kuketi na kumsikiliza msemaji. Nasi tusione haya.