Ignaz Schwinn: Mzee aliyezima pikipiki, baiskeli ya vijana ikazaliwa

Una baiskeli kuukuu imeegemezwa nyuma ya nyumba? Pengine ni Black Mamba ya babu, spoki zimeshika kutu na kiti kimepasuka. Pengine ni ile ya milimani uliyonunua mitumba, ukaiendesha miezi miwili halafu ukaisahau. Sasa umeona picha za baiskeli za kizamani za Marekani, zile za matairi manene, usukani mpana kama pembe za fahali, madigadi yanayong'aa na kiti chenye springi, na moyo umekutuma: yako nayo lazima ifanane nazo.

Poa sana. Lakini kabla hujatoa shilingi ya kwanza kununua rangi, nipe dakika chache nikusimulie kuhusu mzee ambaye staili hiyo ilitoka kwenye kiwanda chake. Aliitwa Ignaz Schwinn. Alifariki mwaka wa 1948, lakini yaliyompata yatakusaidia kuamua uanzie wapi, na huenda yakakuokolea pesa.

Kijana wa vibarua

Ignaz alizaliwa mwaka wa 1860 katika mji mdogo wa Hardheim, eneo la Baden, Ujerumani. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa piano na vinanda, akafariki Ignaz akiwa bado mtoto. Si unajua mambo yanavyobadilika hapo? Kijana akajifunza ufundi wa mashine, kisha akawa anahama mji hadi mji akitafuta vibarua. Hasla kama wewe tu.

Wakati huo baiskeli ndiyo ilikuwa teknolojia moto. Ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, iliyokuwa ikiwatupa watu kichwa mbele, ilikuwa inaondoka. Iliyokuja badala yake ilikuwa na magurudumu mawili yanayolingana na cheni inayozungusha la nyuma, yaani ile unayoijua leo. Mchana Ignaz alikarabati baiskeli za watu, usiku alichora za kwake. Michoro hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango kwa Heinrich Kleyer, mwenye kiwanda mjini Frankfurt, akapata kazi ya kubuni na kutengeneza baiskeli.

Angeweza kutulia hapo. Lakini mwaka wa 1891, akiwa na umri wa miaka 31, alivuka bahari hadi Chicago, Marekani. Huko alifanyia wengine kazi kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 1895 akaungana na Adolph Arnold, Mjerumani mwenzake aliyekuwa ametajirika kwa biashara ya nyama, wakaanzisha Arnold, Schwinn & Company. Arnold alileta pesa, Ignaz akaleta mikono na kichwa.

Soko lapanda, soko laporomoka

Walianza wakati mzuri ajabu. Wamarekani walikuwa wamepagawa na baiskeli. Chicago peke yake ilikuwa na viwanda takriban 30, na nchi nzima ilikuwa ikitoa zaidi ya baiskeli milioni moja kwa mwaka. Kila mtu aliyekuwa na spana alijiona mfanyabiashara.

Kisha upepo ukageuka. Kila aliyetaka baiskeli alikuwa ameshanunua. Kufikia mwaka wa 1905, mauzo yalikuwa robo tu ya yale ya mwaka wa 1900. Mjini Chicago walibaki watengenezaji 12. Wengine walifunga, wengine wakamezwa.

Ignaz alikuwa upande wa wanaomeza. Alinunua kampuni ndogo zilizokuwa zikizama, akajenga kiwanda kikubwa magharibi mwa jiji ili atoe baiskeli nyingi kwa gharama ya chini. Mwaka wa 1908 akanunua hisa za Arnold, kampuni ikawa yake, ingawa jina la Arnold liliendelea kukaa mlangoni kwa miaka mingi.

Lakini alikuwa ameona jinsi soko la baiskeli linavyoweza kukuacha mataani, na akataka mguu wa pili wa kusimamia. Mguu huo ulikuwa pikipiki. Mwaka wa 1912 alikamilisha ununuzi wa kampuni ya Excelsior, na mwaka wa 1917 akaongeza Henderson. Akawa mmoja wa vigogo watatu wa pikipiki Marekani, pamoja na Harley-Davidson na Indian. Fikiria: yule kijana wa vibarua kutoka Hardheim sasa ana mashine zinazoshindana na Harley barabarani.

Siku aliyosema basi

Mwaka wa 1929 soko la hisa la Marekani lilianguka, na uchumi ukafuata. Watu waliopoteza kazi hawanunui pikipiki. Ignaz alikuwa na miaka 70 hivi. Mwaka wa 1931 aliwaita wakuu wake wa kazi, akawaambia kwamba utengenezaji wa pikipiki umeisha. Hakuna kupunguza kidogo kidogo, hakuna kungoja mwaka ujao. Kazi ya karibu miaka 20 ikafungwa.

Hapa ndipo ninataka usome polepole. Wengi wetu tukishaweka pesa na jina kwenye kitu, tunakishikilia hata kikituzamisha. Mzee huyu aliachilia. Kisha akaachilia tena kitu kigumu zaidi: uendeshaji wa kampuni wa kila siku. Aliukabidhi kwa mwanawe, Frank, na kumwacha ajaribu mambo mapya wakati kampuni ilikuwa karibu kufilisika.

Frank alikwenda kutalii viwanda vya Ulaya. Akiwa huko aliangalia kitu ambacho wengine hawakukipa maanani: matairi. Baiskeli za watoto Marekani zilikuwa na matairi membamba yaliyogandishwa kwenye rimu kwa gundi, bila tyubu ya kutoa na kuziba. Yakitoboka, ni shida. Ujerumani aliona matairi mapana yenye tyubu ndani, yanayomeza mashimo ya barabara mbovu.

Aliporudi, watengenezaji wa matairi wa Marekani walisitasita, lakini hakukata tamaa mpaka akayapata: upana wa inchi 2.125, yaani milimita 54 hivi, kwenye gurudumu la inchi 26. Mwaka wa 1933 ikatoka B-10E, baiskeli ya vijana iliyoigiza pikipiki. Mwaka uliofuata ikaja Aerocycle, yenye madigadi yaliyolainishwa kama mwili wa ndege, taa ya kung'aa, kengele ya kubonyeza, na tangi la petroli ambalo halikuwa na petroli. Tangi bandia! Pikipiki ilikuwa imekufa, lakini umbo lake likahamia kwenye baiskeli ambayo mtoto angeweza kuiota. Katika miaka michache, karibu kila kampuni Marekani ilikuwa ikiiga matairi hayo.

Angalia mpangilio wao. Walianza na gurudumu, kwa sababu hapo ndipo mwendeshaji alikuwa anaumia. Tangi bandia na taa ya kung'aa vilikuja juu ya kitu ambacho tayari kilifanya kazi. Kampuni iliyobandika tangi kwenye baiskeli ya matairi ya gundi ingeuza pambo tu.

Sasa rudi kwa baiskeli yako

Fuata mpangilio huo huo. Kwanza fremu: isugue, tazama viungo vyote. Kutu ya juu inaondoka kwa msasa, lakini ufa kwenye kiungo ni habari nyingine. Fremu yenye ufa usiipake rangi, ipeleke kwa fundi wa kuchomelea au uiache.

Pili, magurudumu. Fungua vitovu, osha gololi, weka grisi mpya. Zungusha gurudumu uone kama linayumba, na kama linayumba, kaza spoki kabla ya kitu kingine chochote.

Tatu, matairi, na hapa ndipo wengi wanachomwa. Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi lako. Black Mamba kwa kawaida huvaa 28 x 1½. Tairi nene la 26 x 2.125 haliingii kwenye rimu hiyo hata muuzaji akuapie. Lakini kama una baiskeli ya zamani ya milimani yenye rimu za inchi 26, una bahati: tairi hilo huenea. Pima tu kama uma wa mbele na nafasi ya nyuma vinatosha, usije ukakuta tairi linasugua fremu.

Na si bahati ya hivi hivi. Miaka ya 1970, vijana wa kaunti ya Marin, California, walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu za matairi manene, nyingi zikiwa Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, wakaziundaunda gereji za nyumbani na kuteremka nazo milimani. Humo ndimo baiskeli ya milimani ilimozaliwa, na kwa miaka mingi ilibaki na rimu ya inchi 26 ya babu yake. Kwa hivyo ile ya mitumba iliyo nyuma ya nyumba yenu, ukiifanya iwe ya kizamani, unairudisha kwao.

Nne, breki. Baiskeli nyingi za staili hii husimama kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Inapendeza macho kwa sababu hakuna waya, lakini cheni ikikatika au kutoka kwenye mteremko, huna breki. Weka ya mbele pia. Hakuna picha ya Instagram inayolipa mfupa uliovunjika.

Ukishamaliza hayo, sasa jipambe. Usukani mpana hukufanya ukae wima, mgongo ukapumzika. Kaza nati yake barabara, kisha shika gurudumu la mbele kwa magoti ujaribu kuupinda. Kiti chenye springi kinafaa hasa ukikaa wima, kwa maana uzito wote uko juu yake. Rangi ipulize tabaka nyembamba nyembamba, ukingoja kila moja ikauke, na ufunike kwa selotepu sehemu zenye nyuzi za kukazia. Tangi bandia halihitaji kutoka Chicago. Chora umbo lake kwenye katoni, lijaribu kati ya vyuma viwili vya fremu mpaka likae sawa, kisha wapelekee mafundi wa bati wa Kamukunji. Wanaotengeneza masanduku ya shule na majiko hawashindwi na tangi. Acha tu nafasi ya magoti.

Masikio ya kampuni

Ignaz alifariki Chicago mwaka wa 1948, akiwa na miaka 88. Aliona baiskeli ikipanda, ikianguka, na ikipanda tena kwa sababu ya watoto waliotaka kujiona wako kwenye pikipiki.

Waliobaki waliendelea kufanikiwa kila waliposikiliza vijana. Mwaka wa 1963 kampuni ilisikia kwamba vijana wa kusini mwa California wanafunga usukani mrefu na viti virefu kama ndizi kwenye baiskeli ndogo za inchi 20. Haikuwacheka. Ikatengeneza Sting-Ray, na ikauzika kupita kiasi. Lakini wale wa Marin walipoanza kuunda zao za milimani, kampuni ilichelewa kuona kwamba hilo ndilo soko la kesho, ilhali walikuwa wakitumia fremu zake yenyewe. Wengine wakalichukua soko. Mwaka wa 1992 kampuni iliomba kinga ya kufilisika, na familia ikapoteza jina lililojengwa na mtu aliyekuja na michoro yake mkononi. Jina bado liko madukani, ila si lao.

Inauma, ukifikiria. Mzee alijua kufunga alichokipenda na kumwachia kijana nafasi. Waliomfuata, wakati ulipofika, walishikilia walichokizoea.

Kwa hivyo Jumamosi hii, utakapopindua baiskeli yako magurudumu juu, usijione unacheza. Kampuni kubwa mara mbili zimefuata yaliyoanzia kwa vijana wenye spana nyumbani. Anza na vitovu, malizia na taa. Na fundi jirani, mzee wa mtaa au mjomba akikuambia hiyo baiskeli imekwisha, itupe, msikilize kwa heshima, kisha mwombe akuazime spana namba 15.