Ronald Gideon Ngala: Mwalimu Aliyeitetea Katiba ya Majimbo

Utangulizi

Katikati ya jiji la Nairobi, Mtaa wa Ronald Ngala unakutana na Mtaa wa Tom Mboya. Tangu alfajiri hadi usiku, sehemu hiyo hujaa abiria, wachuuzi na makanga wanaonadi majina ya vitongoji. Wengi wa wapita njia hao hulitaja jina la Ngala kila siku bila kukumbuka kwamba viongozi hao wawili, ambao mitaa yao imekutanishwa, walitofautiana vikali juu ya suala moja kubwa: je, Kenya huru itawaliwe kutoka mji mmoja, au mamlaka yagawanywe na katiba baina ya serikali kuu na serikali za majimbo? Mboya aliunga mkono serikali moja yenye nguvu. Ngala aliunga mkono majimbo. Maisha ya Ngala yanadhihirisha jinsi mfumo wa aina ya shirikisho unavyojengwa, na vilevile jinsi unavyoweza kubomoka hata pale ambapo maandishi ya katiba ni madhubuti.

Malezi, Elimu na Uandishi

Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 miongoni mwa Wagiriama, upande wa Kaloleni katika pwani ya Kenya. Baada ya masomo ya awali huko kwao, alijiunga na Shule ya Upili ya Alliance iliyoko Kikuyu, magharibi mwa Nairobi. Shule hiyo ilikusanya wavulana kutoka pembe mbalimbali za koloni, na hapo kijana huyo wa Kigiriama aliishi na wenzake wa jamii kubwa na ndogo. Kutoka Alliance alielekea Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Aliporejea alifundisha na kuongoza shule, ikiwemo ya Mbale katika nchi ya Wataita na ya Buxton mjini Mombasa.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kumkumbuka. Mnamo 1949 kilichapishwa jijini Nairobi kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama, alichokiandika kwa Kiswahili. Kwa kuitumia lugha hiyo, Ngala aliitambulisha jamii yake kwa majirani wasiojua Kigiriama. Wazo hilo, kwamba jamii ndogo inaweza kuingia katika umma mpana bila kumezwa, ndilo lililojitokeza tena baadaye katika siasa zake.

Kuingia Siasa na Kuzaliwa kwa KADU

Mwaka wa 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Ngala alikuwa miongoni mwa wanane waliochaguliwa, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Katika mkutano wa kwanza wa katiba uliofanyika Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1960, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa ujumbe wa Waafrika.

Umoja huo haukudumu. Mnamo Mei 1960 chama cha KANU kiliundwa, kikiegemea zaidi jamii zenye watu wengi, hususan Wakikuyu na Wajaluo. Ngala alichaguliwa kuwa mweka hazina akiwa hayupo, naye akaukataa wadhifa huo. Mwezi uliofuata, vyama vya jamii zilizohofia kufunikwa, zikiwemo za Wakalenjin, Wamaasai, Waluhya na watu wa Pwani, vilikutana Ngong, kusini magharibi mwa Nairobi, na kuunda KADU. Ngala akawa rais wa chama hicho, Muliro makamu wake, na Moi mwenyekiti.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. Hata hivyo, KANU ilikataa kuunda serikali kabla ya Jomo Kenyatta kuachiliwa huru. KADU ilikubali, ikisaidiwa na wajumbe wa walowezi wenye msimamo wa wastani, na Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali. Ushirika huo na walowezi ulimletea lawama nzito. Wapinzani wake walidai kuwa majimbo yalikuwa ukuta wa kulinda mashamba ya wazungu. Lawama hiyo haikukosa msingi kabisa, maana baadhi ya walowezi waliuona mfumo huo kuwa kinga. Lakini hofu ya jamii ndogo nayo ilikuwa ya kweli, wala haikuhitaji kufundishwa na mlowezi yeyote.

Jinsi Katiba ya Majimbo Ilivyofanya Kazi

Mkutano wa pili wa Lancaster House ulianza Februari 1962 na kumalizika Aprili. Matokeo yake yalikuwa serikali ya mseto, ambamo Ngala na Kenyatta wote wawili walikuwa mawaziri wenye kushughulikia masuala ya katiba, pamoja na mwafaka juu ya mfumo ulioitwa majimbo.

Mfumo huo ulifuata misingi inayojulikana katika mashirikisho duniani. Msingi wa kwanza ni kugawanya mamlaka kwa maandishi. Nchi iligawanywa katika majimbo saba, na kila jimbo likapewa baraza lake lenye mamlaka juu ya mambo kama vile elimu ya msingi na serikali za mitaa, pamoja na kauli katika masuala ya ardhi na polisi. Ulinzi na mambo ya nje yalibaki kwa serikali kuu. Nairobi haikuwa ndani ya jimbo lolote, kwani makao ya serikali kuu hayakupaswa kuwa chini ya jimbo moja.

Msingi wa pili ni bunge lenye sehemu mbili. Baraza la Wawakilishi lilitokana na wingi wa watu, ilhali Seneti ya wajumbe 41 iliipa kila wilaya mjumbe mmoja, iwe kubwa au ndogo, na Nairobi pia mmoja. Marekani nayo huipa kila jimbo maseneta wawili bila kujali idadi ya wakazi.

Msingi wa tatu ni ugumu wa kuibadili katiba. Marekebisho ya kawaida yalihitaji robo tatu ya kura katika kila baraza. Kwa vifungu vilivyolindwa zaidi, vikiwemo vya majimbo, Seneti ilitakiwa kuunga mkono kwa asilimia 90. Kwa hesabu hiyo, maseneta watano tu wangeweza kuizuia serikali nzima.

Ikumbukwe pia kwamba Ngala hakuwa mpenda kujitenga. Wakati baadhi ya watu wa Mwambao walipotaka ukanda wa pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ujitawale peke yake, yeye alilipinga wazo hilo. Alitaka Pwani iwe jimbo ndani ya Kenya. Hapa ndipo ilipo tofauti baina ya shirikisho na utengano: katika shirikisho, sehemu hupata sauti yake bila kuacha kuwa sehemu.

Kuvunjika kwa Majimbo

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na Juni 1 Kenya ikapata madaraka ya ndani. Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Katika mkutano wa tatu wa London, baina ya Septemba na Oktoba 1963, serikali mpya ilifaulu kurejesha baadhi ya mamlaka Nairobi, hususan kuhusu polisi na utumishi wa umma. Disemba 12 nchi ikawa huru chini ya katiba ambayo chama tawala hakikuipenda.

Udhaifu wa majimbo ulikuwa katika fedha. Vyanzo vyao vya mapato vilikuwa haba, na serikali kuu haikuwa na haraka ya kuwahamishia fedha wala watumishi. Baraza la jimbo lingeweza kupitisha azimio, lakini mhazini na mkuu wa wilaya waliendelea kuitazama Nairobi. Aidha, wabunge wa upinzani waliona kwamba maendeleo ya maeneo yao yalitegemea urafiki na serikali, nao wakaanza kuhama mmoja mmoja.

Mnamo Novemba 10, 1964, katika Majengo ya Bunge jijini Nairobi, Ngala alitangaza kuvunjwa kwa KADU na kujiunga kwake na KANU kwa ajili ya umoja wa taifa. Kufuli la asilimia 90 halikuvunjwa na mtu. Walinzi wake ndio waliokabidhi ufunguo. Wapo wanaokiona kitendo hicho kuwa usaliti wa wafuasi wake, na wapo wanaokiona kuwa busara ya mtu aliyekwisha kuona kwamba ubishi zaidi ungeleta umwagaji damu. Lililo bayana ni matokeo. Disemba 12, 1964 Kenya ikawa jamhuri, na mabaraza ya majimbo yakanyang'anywa mamlaka. Mwaka wa 1965 kiwango cha kura za kubadili katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwishoni mwa 1966 Seneti ikaunganishwa na baraza la pili. Kufikia 1968, mabaki ya mwisho ya mfumo huo yalikuwa yamefutwa.

Jirani nako mambo hayakuwa tofauti. Katiba ya Uganda ya 1962 iliipa Buganda hadhi ya shirikisho, lakini katiba hiyo ilisimamishwa mwaka wa 1966, na ile ya 1967 ikaziondoa falme zote.

Miaka ya Mwisho na Urithi

Mwaka wa 1966 Ngala aliteuliwa kuwa waziri, na katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru akachaguliwa kuwa makamu wa rais wa chama kwa upande wa Pwani. Disemba 1972 alipata ajali ya gari katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Alifariki Siku ya Krismasi mwaka huo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Neno majimbo nalo lilipitia misukosuko. Mnamo 1991 baadhi ya wanasiasa walilifufua wakitaka kuwatisha waliotoka maeneo mengine, na ghasia zilizofuata katika Bonde la Ufa zikalishusha hadhi. Ndiyo sababu mjadala wa katiba uliofanyika Bomas, Lang'ata, mwaka 2003 na 2004, uliegemea zaidi neno ugatuzi. Katiba iliyozinduliwa katika Bustani ya Uhuru Agosti 27, 2010 iliunda kaunti 47 na kuirejesha Seneti. Huo si mfumo kamili wa shirikisho, lakini unajibu makosa mawili ya 1963. Kwanza, kaunti zimehakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Pili, malengo, kanuni na muundo wa ugatuzi haviwezi kubadilishwa bila kura ya maoni ya wananchi.

Hitimisho

Ngala alipata katiba iliyogawanya mamlaka na iliyokuwa ngumu kubadilishwa, lakini hakupata fedha za kuiendesha wala wenzi wa kutosha wa kubaki naye ilipojaribiwa. Mwishowe yeye mwenyewe hakubaki. Katiba ya 2010 imeuondoa ufunguo mikononi mwa viongozi wachache na kuukabidhi kwa wapiga kura, wakiwemo hao wapitao kila asubuhi katika mtaa wenye jina lake.