GREGOR MENDEL: MWALIMU ALIYESHINDWA MTIHANI

Wanafunzi wengi hukutana na jina la Gregor Mendel katika somo la Baiolojia, wakakariri uwiano wa tatu kwa moja, kisha wakamsahau. Ni wachache wajuao kwamba mtu huyo mwenyewe alishindwa mtihani, tena wa ualimu.

Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kimo katika nchi ya Cheki. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo. Mwaka 1838 baba yake aliangukiwa na gogo akaumia vibaya, na tangu hapo kijana alijisomesha kwa kufundisha wenzake, pengine akishinda na njaa. Dada yake mdogo, Theresia, alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka aendelee na masomo. Mendel hakulisahau deni hilo: baadaye alisaidia kuwasomesha wapwa zake watatu.

Mwaka 1843 aliingia utawani katika monasteri ya Mtakatifu Thomas mjini Brno. Mkuu wake, Abati Cyrill Napp, aliona kuwa kazi ya kuhudumia wagonjwa inamwelemea, akampeleka kufundisha. Mwaka 1850 alifanya mtihani wa ualimu akashindwa. Badala ya kumtupa, Napp alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, alikosoma fizikia, hesabu na elimu ya mimea hadi mwaka 1853. Mwaka 1856 alijaribu mtihani tena, akaugua, asiumalize. Basi alibaki mwalimu wa muda mpaka mwaka 1868.

Hata hivyo, katika mwaka huohuo wa 1856 alianza kupanda njegere katika bustani ya monasteri. Alifungua ua kabla halijapevuka, akaondoa sehemu za kiume, akapaka chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunika. Alipochanganya mbegu za manjano na za kijani, uzao wa kwanza wote ulikuwa wa manjano. Uzao wa pili ulimpa mbegu 8,023: za manjano 6,022, za kijani 2,001. Kijani hakikupotea, kilikuwa kimejificha. Kufikia mwaka 1863 alikuwa amechunguza mimea ipatayo 28,000.

Alisoma matokeo hayo mbele ya wanachama wa chama cha sayansi cha Brno mwaka 1865, yakachapishwa mwaka 1866, wala hakuna aliyeyatilia maanani. Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 ndipo wataalamu watatu walipoifufua kazi yake. Muda mfupi baadaye Sutton na Boveri, waliochunguza seli, walieleza kuwa kromosomu hugawanyika jinsi hesabu za Mendel zinavyotaka. Kwa hesabu hizo leo tunajua kwamba wazazi wawili waliobeba chembe ya urithi ya selimundu, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua.

Ndugu zangu, hapa pana jambo linalohusu nidhamu shuleni. Kijana akikosea, si ajabu kusikia mtu akisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Msemo huo usisingiziwe Mendel. Yeye alihesabu rangi na umbo la njegere. Tabia ya mwanafunzi haisomwi kwa jina la baba yake. Hujengwa na malezi, mfano wa wakubwa, kazi ya kila siku na adhabu ya haki isiyomfungia mtu mlango.

Ninyi mlio madarasani, igeni daftari lake: miaka minane ya kuhesabu bila kuchoka na bila kudanganya. Nasi tuliomaliza, tumkumbuke Abati Napp. Kama angemhukumu Mendel kwa mtihani mmoja, bustani ile pengine isingeoteshwa njegere hizo. Bila shaka yuko kijana shuleni kwetu sasa ambaye jina lake limekwisha kukatwa. Tumtafute.