Kiti Alichopishwa Banda

Kutoka Mbamba Bay, mwambao uliokuwa zamani wa Mbinga, ukilivuka Ziwa Nyasa wafika Nkhata Bay. Hapo, Agosti 1958, chama cha Congress kilimkabidhi Dokta Hastings Kamuzu Banda uongozi. Chipembere na Chiume, vijana wenye wafuasi wao, ndio waliomwita. Orton Chirwa aliasisi Malawi Congress Party mwaka 1959, Banda akiwa kifungoni; mwaka 1960 alipofunguliwa, Chirwa akampisha kitini.

Twakiri kwamba Banda alipigana hadi Shirikisho la walowezi likavunjika. Lakini baada ya uhuru wa Julai 1964, mawaziri walipotaka mambo yaamuliwe kwa shauri la pamoja, aliwafukuza watatu, Chiume na Chirwa wakiwamo. Hao wawili wakapata hifadhi Tanzania. Mwaka 1967 Banda akang'ang'ania Ziwa lote, hadi mchanga wa wavuvi wetu. Mwaka 1971 akawa Rais wa maisha. Chirwa alikamatwa mwaka 1981, akafia gerezani Zomba mwaka 1992. Kura za 1994 zikamwondoa Banda. Akafariki mwaka 1997.

Ndugu wanachama, uongozi ni amana ya wengi. Tumpishapo mtu kitini, tusimpe na ndimi zetu.