Edwin Link, Fundi wa Vinanda Aliyefundisha Marubani

Wasomaji, kijana wa Arua au Koboko akisema anataka kuwa rubani, watu humwuliza kwanza habari ya fedha. Kuruka saa moja tu pamoja na mwalimu ni gharama kubwa, na chuo chenyewe kiko mbali, huko Soroti. Lakini swali hilo si geni. Karibu miaka 100 iliyopita lilimsumbua kijana mmoja wa Marekani, na jibu alilolipata ndilo lililozaa mitambo ya kuigiza urukaji, pamoja na ile ambayo vijana wa siku hizi huiendesha katika kompyuta. Kijana huyo aliitwa Edwin Albert Link, na haya ndiyo maisha yake.

Link alizaliwa tarehe 26 Julai, 1904, katika mji wa Huntington, jimbo la Indiana. Alipokuwa angali mdogo baba yake alinunua kiwanda cha vinanda kilichokuwa kimefilisika katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, na jamaa wote wakahamia huko. Kiwanda hicho kilitengeneza piano zinazojipiga zenyewe na vinanda vikubwa vya majumba ya sinema. Vinanda vya namna hiyo havikuendeshwa kwa nguvu za vidole tu. Ndani yake mlikuwa na mivukuto ya ngozi, mabomba, pampu za kunyonya hewa na vilango vidogo vya kuipitisha. Mtoto Edwin hakusifiwa sana kwa masomo ya darasani, lakini mambo ya mivukuto aliyajua kama mtoto wa mkulima anavyolijua jembe.

Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 16, alilipa dola 50 ili afundishwe kuruka. Mwalimu akampakia, akapaa naye, akapindua ndege juu chini mara nyingi, kisha akamrudisha chini. Muda wote huo kijana hakuruhusiwa kugusa usukani hata mara moja. Fedha zikawa zimekwisha, na elimu hakupata. Hata hivyo hakukata tamaa. Aliendelea kujifunza kidogo kidogo kila alipopata nafasi, hata akawa rubani. Lakini moyoni mwake alibaki na fikira moja: kwa nini mwanafunzi alipe mafuta, ndege na hatari ya kufa, ili ajifunze mambo ambayo angeweza kuyaanza akiwa chini?

Basi kuanzia mwaka 1927 akajifungia katika kiwanda cha baba yake, akafanya kazi muda wa miezi 18 hivi. Alitengeneza sanduku la mbao lenye kiti, mabawa mafupi na mkia, akaliweka juu ya mivukuto ya kinanda. Mwanafunzi aliposukuma fimbo ya kuongozea, vilango vilifunguka, hewa ikanyonywa katika mvukuto mmoja na kuingia katika mwingine, na sanduku zima likainama mbele au nyuma, kushoto au kulia. Vifaa vyote vilikuwa vile vile vya vinanda. Hakungoja kuletewa vyuma vya ajabu kutoka mbali, bali alitumia maarifa na vitu alivyokuwa navyo mkononi.

Mwaka 1931 alipewa hataza ya serikali kwa ajili ya mtambo huo, na mwaka huo huo alimwoa Marion Clayton, aliyekuwa mwandishi wa magazeti. Lakini wanunuzi hawakuja. Wakuu wa jeshi waliuona kuwa mchezo wa watoto, na mitambo mingi ya kwanza ilinunuliwa na viwanja vya starehe, watu wakapanda kwa senti chache ili kujifurahisha. Zile zilikuwa siku za njaa ya kazi duniani, na Link alipata riziki yake kwa kufundisha urukaji na kwa kuruka usiku na ndege iliyobeba taa za matangazo ya biashara.

Ndipo likatokea jambo la huzuni lililowafumbua watu macho. Mwezi wa Februari 1934 Jeshi la Anga la Marekani liliamriwa kubeba barua za posta. Marubani wake walikuwa hodari mchana penye anga safi, lakini wengi hawakuzoea kuruka usiku, wala katika ukungu na theluji. Mtu akiwa ndani ya wingu hudanganywa na mwili wake mwenyewe: huweza kudhani anakwenda sawasawa, kumbe ndege inazunguka na kushuka. Hapo hana budi kuziamini saa za vipimo zilizo mbele yake na kuukana moyo wake. Kwa kukosa mazoezi hayo, katika muda wa wiki chache walikufa watu zaidi ya 10.

Maofisa wa jeshi wakataka kumwona Link. Siku ya miadi hali ya hewa katika kiwanja cha Newark ilikuwa mbaya sana, wakadhani hatafika. Link akaja kwa ndege yake kutoka Binghamton, akapenya ukungu kwa kutazama vipimo tu, akatua salama. Wakasadiki. Mwezi wa Juni 1934 jeshi lilinunua mitambo sita, kila mmoja kwa dola 3,500.

Mtambo huo ulikuwa umezidi kuwa bora. Ulikuwa na kifuniko cha kumziba mwanafunzi asione nje, akabaki na vipimo vyake tu. Mwalimu alikaa penye meza kando, akasema naye kwa simu ya masikioni, na juu ya ramani kigari kidogo kilichora kwa wino njia yote ambayo mwanafunzi angalipita kama angalikuwa angani kweli kweli. Aliyepotea aliuona upotevu wake, tena bila kuvunjika mfupa. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia mitambo zaidi ya 10,000 ilitengenezwa, na marubani wapatao nusu milioni wa Marekani na wa nchi rafiki walijifunza ndani yake.

Mwaka 1954 kampuni ya Link iliunganishwa na kampuni kubwa zaidi, naye akageukia bahari. Yeye na mkewe walizama kutafuta mabaki ya merikebu za kale. Mwaka 1962, kwa chombo alichokibuni Link, Mbelgiji Robert Sténuit alikaa zaidi ya siku nzima katika kina cha futi 200 baharini karibu na pwani ya Ufaransa. Baadaye Link alibuni nyambizi ndogo iitwayo Johnson Sea Link.

Katika nyambizi hiyo alipatwa na msiba mkubwa kuliko yote. Tarehe 17 Juni, 1973, karibu na Key West huko Florida, ilinaswa katika mabaki ya manowari iliyozamishwa, kwenye kina cha futi 360 hivi. Ndani mlikuwa na watu wanne. Muda wa zaidi ya saa 24 watu walijaribu kuinasua. Ilipotoka, wawili waliokuwa katika chumba cha nyuma walikuwa wamekufa, kwa maana dawa ya kunyonya hewa chafu ilipoa mno isiweze kufanya kazi. Mmoja wa hao wawili alikuwa Edwin Clayton Link, mwana wake, mwenye umri wa miaka 31.

Mtu mwingine angaliweka vyombo vyake chini asivishike tena. Mzee Link, akiwa karibu na umri wa miaka 70, alirudi mezani akabuni chombo kisicho na mtu ndani, cha kuteremshwa kwa kamba ya waya, chenye taa, kamera na mikono ya kukata, ili nyambizi nyingine ikinaswa watu wake wapate kuokolewa. Alifariki mjini Binghamton tarehe 7 Septemba, 1981, mwenye umri wa miaka 77.

Sasa, wanafunzi wenzangu, tuitazame faida yake kwetu. Mivukuto ilirithiwa na kompyuta. Mashine maarufu ya Whirlwind, iliyoanzwa mwaka 1944 katika chuo cha MIT, ilikusudiwa hapo mwanzo kuwa mtambo wa kuigiza urukaji wa ndege za Jeshi la Maji la Marekani. Kazi yenyewe haikubadilika: mwanafunzi akigusa fimbo, mashine ikokotoe mwendo, uzito na upepo, nayo ijibu papo hapo. Ikiwa picha ni 30 kwa nukta moja, basi kila picha ina sehemu 33 tu katika 1,000 za nukta. Kompyuta ikichelewa hapo, ndege hushtuka-shtuka, na mkono wa mwanafunzi hujifunza uongo.

Kwa hiyo chama cha wanafunzi kitakachochanga fedha kununua kompyuta ya kazi hii kisianze kwa kupendezwa na milima na mawingu ya kwenye kioo. Sanduku la Link halikuwa na picha hata moja, na bado lilifundisha watu nusu milioni. Kwanza pawe na fimbo nzuri ya kuongozea na pedali za miguu. Pili, prosesa yenye mwendo mkali, kwa kuwa ndiyo inayofanya hesabu za ndege. Tatu, kumbukumbu ya kutosha na kadi ya picha ya kadiri. Uzuri wa picha unaweza kupunguzwa katika programu, lakini prosesa nzito haitiwi mbio kwa maombi. Mwisho, vumbi letu la kiangazi lisisahauliwe: feni zisafishwe, na pawepo betri ya kushika mashine umeme unapokatika.

Fundi wa vinanda hakuuliza nini anachokosa. Aliuliza ni kazi gani inayotakiwa, kisha akatazama rafuni mwake. Nasi tutazame rafuni mwetu.