Idi Amin na raga: Je, kweli alikaa benchi siku ya Lions?

Ukitaja jina la Idi Amin kijiweni Arusha, wazee wataanza na vita ya Kagera. Lakini kwenye raga kuna stori nyingine inayorudiwa hadi leo: kwamba mwaka 1955 nduli huyo alikuwa mchezaji wa akiba wa Afrika Mashariki dhidi ya British Lions, jijini Nairobi.

Stori ni tamu. Tatizo ni kwamba haishikiki.

Amin alizaliwa miaka ya 1920, ukoo wa baba yake ukitokea Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda. Mwaka 1946 aliingia jeshi la mkoloni, KAR, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Alianzia jikoni, msaidizi wa mpishi.

Mwili wake haukumwacha jikoni muda mrefu. Alikuwa pande la mtu, na kwenye ngumi alishika ubingwa wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960.

Raga ilikuwa habari nyingine. Kenya, Uganda na hapa Tanganyika, mchezo huo ulikuwa wa Wazungu: maofisa, walowezi na watoto wa shule zao. Amin aliupata kupitia jeshi, akachezea klabu ya Nile ya Jinja. Waafrika wenzake uwanjani walikuwa wa kuhesabu.

Sasa turudi 1955. Lions, wakitoka ziara ya Afrika Kusini, walipita Nairobi kucheza na Afrika Mashariki. Kwenye picha rasmi ya timu ya wenyeji, Amin hayupo.

Na kuna jambo zito zaidi. Sheria za wakati ule hazikuruhusu kubadilisha mchezaji. Mtu akiumia, timu inaendelea pungufu. Ruhusa ya kuingiza mwingine ilikuja 1968. Sasa hilo benchi lilikuwa la nini?

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu stori hiyo inafanya raga ya mkoloni ionekane ilikuwa wazi kwa kila mwenye kipaji. Haikuwa hivyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Januari 25, 1971, Amin alimpindua Milton Obote. Mwaka 1972 akawafukuza Waasia, wageni wengine nao wakaondoka, na watu wengi sana wakauawa chini ya utawala wake. Raga ya Uganda, iliyowategemea mno wageni, ikayumba.

Arusha nayo iliguswa. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu yake hapa, ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi yake yakavamia Kagera. Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka, naye akakimbilia Libya na baadaye Saudi Arabia. Alifia Jeddah, Agosti 16, 2003.

Raga yenyewe haikufa. Mwaka 2007 Uganda ilitwaa ubingwa wa Afrika, na hapa Arusha tuna Rhinos wetu. Hawa ndio wa kusimuliwa.

Ukiisikia tena ile stori ya benchi, mwambie msimuliaji akuonyeshe picha ya timu.